Geti la Isyonje

Saa kumi na moja alfajiri. Ukungu umesimama mlangoni mwa maabara
kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu.
Nakata viazi.
Vipande ishirini na vinne, sentimita tano kila kimoja,
Kidato cha Nne wana mtihani wa vitendo,
mtunza maabara ni mimi, na kisu ni cha mke wangu.

Sahani ya kushoto: maji ya bomba, baridi hadi yanauma.
Sahani ya kulia: maji, na chumvi vijiko vitatu vya kufura.
Yaliyobaki yatatendeka bila mimi.

Baadaye cha kushoto kimekakamaa,
kimejaa kama lumbesa ya Uyole,
gunia lililovishwa kilemba cha kamba,
nyuzi zinalia lakini hazikatiki.
Cha kulia ukikiinua kinainama
kama shingo ya mtu aliyedaiwa mbele ya wakwe.

Mwaka jana Gwantwa, yule wa dawati la nyuma, aliuliza:
maji yanajuaje pa kwenda?
Mwalimu Nzowa akafuta ubao usio na kitu.
"Hayajui. Yanaingia, yanatoka, pande zote, muda wote.
Ila yakishafika penye chumvi nyingi,
yanayorudi ni machache.
Hiyo tofauti ndiyo tunaiita osmosisi."
Nilikuwa nasuuza mirija. Nikamkumbuka baba.

Baba alikuwa mtu wa geti,
pale njia ya Kitulo inapoiacha barabara ya Tukuyu.
Mti mmoja, nyekundu na nyeupe, jiwe la kuuvuta chini,
kitabu cha risiti.
Wenye mikono mitupu walipita chini ya mti
wakiendelea na mazungumzo yao.
Baiskeli zilikuwa na upenyo wake pembeni,
wa saizi ya baiskeli, si ya ng'ombe.
Lori la viazi lilisimama. Bila ushuru mti haunyanyuki.

Na mkokoteni ukikwama pale kwenye mwinuko
alitoka kibandani, akaweka bega, akasukuma
hadi juu, ambako mikokoteni tayari ilikuwa imesongamana.
Akarudi anatetemeka miguu. Mama akasema
kusukuma kupanda kunakula ugali.

Seli nayo, anasema Mwalimu Nzowa,
huisukuma chumvi nje, kule kule ilikojaa,
na kazi hiyo peke yake inameza sehemu nene ya chakula chake.
Sikujua uchovu wa baba umeandikwa kitabuni.

Sasa geti lake la ndani limefunga ofisi.
Figo zote mbili.
Jumatatu, Jumatano, Ijumaa tunashuka Mbeya,
saa nne kitini, damu inatoka kwa mrija mmoja
inarudi kwa mwingine,
na katikati, anaeleza nesi Ambwene,
kuna utando: huku damu, kule maji yaliyopimwa,
vitundu visivyoonekana.
Sumu inavuka. Chembe za damu zinabaki, ni nene mno kwa mlango huo.

Baba aliitazama mashine siku nzima ya kwanza.
"Na huyo anayekagua humo,
analipwa na nani?"
Bima, nikasema.
Sikutaja shamba la bondeni.

Jioni nachemsha viazi vilivyosalia,
vile ambavyo havikuingia sahani yoyote.
Anatafuna polepole. Daktari amekataza chumvi.
"Vina ladha ya mvua," anasema.
Halafu anainama, sauti ya chini,
yeye ambaye kwa miaka kumi na tisa
alifungua magunia kutafuta mbao chini ya kabichi:
"Wewe ni mtu wa maabara. Unayo.
Pitisha punje moja tu, mwanangu.
Nani atakagua?"

Mfukoni mwa koti langu
kijiko cha asubuhi bado kimo,
cheupe ukingoni.